Upawa wa Bwana Verlinde

Ku Katuba, mutaa yetu ya pembeni ya mji, mwaka ya hamsini na tano, benchi ya kahawa yangu ilikuwa mbao moja ya reli juu ya madebe mawili ya mafuta, pale avenue yetu inakutana na njia ya bomba ya mayi. Niliiweka pale kwa akili. Mwenye kwenda kuteka mayi anapita mbele yangu, mwenye kutoka kazi anapita, mwenye kwenda misa anapita, na mwenye kujificha naye anapita, juu njia ingine hakuna. Siku ya posho, ile bantu ya pwani banaita Jumamosi, kazi ilikuwa inaisha saa sita, na kufika saa nane benchi imejaa wanaume bane, kila mumoja na jina yenye mama yake hakumupa. Casimir tulimuita Komiseri, juu alifagia biro ya polisi miaka kumi na moja na anasema kazi yote ya upelelezi aliisoma na ufagio mukononi. Nkandu tulimuita Sifle, ni kusema filimbi, muzee wa reli, mwenye kutia makala mu mashine ya treni maisha yake yote, na mpaka leo anasema na wewe sawa vile mashine iko pembeni inaunguruma. Donat, karani wa duka ya vitambaa, kravate ku shingo hata mu jua ya mwezi wa kumi, huyu Kalamu. Na Godefroid, mupishi ku Bazungu, alikuwa Supu. Miye bananiita Mama Martine, juu ya mutoto wangu wa kwanza. Jina ingine kama iko, banaisema nikiwa mbali.

Haya mambo ilianza na Donat. Kulikuwa kagazeti ka misioni, kanatoka mara moja kwa mwezi, kurasa ine, harufu ya petroli. Posho moja Donat anafika nako amekakunja mu koti sawa vile cheti ya ubatizo, anafungua ukurasa wa tatu, na chini kabisa tunaona jina yake yeye mwenyewe. Tulifurahi, siwezi kudanganya. Muntu wa benchi yetu mu gazeti, na haikuwa juu ya kufungwa. Tukamwambia asome. Akasimama, akaweka miwani, akasoma.

Ilikuwa habari fupi ya wizi. Bwana Verlinde anaita bageni kula. Supu inafika mezani, sanduku ya upawa inafunguliwa, ile upawa mukubwa wa fedha ya kupakulia supu, na ndani ya sanduku hamuna kitu. Jikoni siku ile kulikuwa bantu batatu: mupishi, mufuaji wa nguo, na zamu wa kulinda nyumba. Mvua ilinyesha. Mu udongo wa inje kuna nyayo ya muguu moja bila kiatu, inaenda mpaka ku uzio, na hairudie. Polisi anafika. Anaangalia nyayo. Ananusa kitambaa ya kupangusia sahani. Anaomba kuona viatu ya mupishi, anavigeuza, anavirudisha. Kiisha anacheka peke yake, anavaa kofia, anasema: «Sasa najua.» Na anaenda.

Donat akakunja gazeti.

Tukangoja. Muntu wa kusoma anapumzikaka kidogo mbele ya kumalizia, ile tunajua. Tukangoja tena. Kahawa ikapoa mu vikombe.

— Geuza ukurasa, akasema Sifle.

— Ukurasa wa ine iko matangazo ya mbegu ya kabichi.

— Na mwizi?

— Habari imeisha, muzee.

— Imeishaje na mwizi hajatoka?

Donat akatuelezea, na ile sauti yake ya kuuza kitambaa ya bei, kama hiyo njo namna mupya ya kuandika. Mwandishi anaacha mulango wazi. Musomaji anaingia, anamalizia mwenyewe mu kichwa yake.

— Miye nilikuja hapa na kichwa ya kunywa kahawa, akasema Casimir. Ungeniambia mapema nilete ya kazi.

Hasira yenye ilipanda ku benchi ile siku, sijaiona tena, hata siku balipandisha bei ya chumvi. Na bantu balikuwa na haki. Kwetu siye, mambo haibakie vile. Hata kesi ya kuku, bazee banakaa, banasikiliza, banakata, mumoja anashinda na mumoja analipa kuku, pombe inanyweka na kila muntu analala. Mambo yenye haikukatwa inatembea. Inatoka mu lupango moja, kiwanja ya nyumba ya muntu, inaingia mu ingine, inatafuta muntu wa kukaa naye.

Na hii ilitembea. Ilitembea mpaka ku bomba ya mayi, na sitasema ilienda na miguu yake.

Sikiliza vizuri, juu kuna bantu banaonea miye. Ule mupishi wa gazeti, Donat alimuandika na kitambaa nyekundu ya kufunga ku mukono ya baiskeli, na alimuandika kila mara akionja supu anafunga jicho ya kuume. Mu Katuba yote, mupishi mwenye kufunga jicho ya kuume iko mumoja tu, na kitambaa yake nyekundu inapita mbele ya nyumba yangu asubuhi na mangaribi. Sasa miye ku bomba sikusema Godefroid ameiba. Miye nilisema tu: mu gazeti kuna mupishi mwenye kufunga jicho, na upawa wa fedha haionekane. Kama bamama ingine baliongeza, ile ni ndoo zao.

Kufika siku ya ine, habari ilikuwa imeshapanga mafiga na kupika. Balisema Godefroid aliitwa ku polisi. Balisema bamegeuza viatu yake. Balisema gazeti ya misioni haiwezi kudanganya, juu inachapwa na mapadri. Na njo pale mambo iliacha kuwa mchezo, juu Godefroid alikuwa anaoa.

Alikuwa amengoja Virginie miaka ine. Mutoto wa familia ya kaskazini, bantu ya Kongolo, baliletwa na reli, bakatoliki mpaka ku mifupa. Padri alikuwa ameshatangaza ndoa kanisani Jumapili mbili: Godefroid fulani na Virginie fulani, mwenye kujua kizuizi aje aseme. Bado mara ya tatu. Bila ile ya tatu hakuna ndoa, na kama muntu wa familia anainuka na kusema neno, padri anafunga kitabu. Mu ile wiki Virginie alituma neno kupitia Martine wangu: baba yake amesema mutoto wake hataolewa na mwizi wa gazeti, na ameweka mambo yote mu mukono ya dada yake, shangazi ya Virginie, Mama Honorine. Yeye njo atasema kanisani ao atanyamaza.

Basi posho ingine inafika, na kesho yake njo ile Jumapili ya tatu. Casimir na Sifle balikuwa bamekaa tayari, Donat katikati. Godefroid akatokea na baiskeli, hakusalimia muntu, akaiegemeza ku ukuta, akasimama mbele ya Donat. Alikuwa amefungua ile kitambaa nyekundu ku mukono ya baiskeli, pale pamebaki alama ya kutu tu.

— Kalamu, akasema, andika mwisho. Leo. Hapa. Mama Martine ana kalamu ya risasi.

Donat akaanza tena mambo ya mulango wazi. Godefroid akamuambia kama ule mulango wake wazi, bakwe bake bote bamepita ndani yake.

— Lakini haiko wewe, Supu. Mupishi wa mule ni muntu wa kuwaza. Miye niliazima jicho tu.

— Unirudishie.

Tukamushika Donat siye bote. Sifle akamuambia andika mara moja kama ni zamu, tumalize. Casimir akasema mufuaji. Donat akatoa miwani, akapangusa, akarudisha, akatoa tena. Kiisha akasema kitu yenye ilitumaliza nguvu.

— Sijui nani aliiba.

Nilizani anacheka. Hakukuwa anacheka. Aliapa ku jina ya mama yake kama wakati alikuwa anaandika alifikiri atajua kufika mwisho, na kufika mwisho karatasi ikaisha, na padri wa gazeti akasifu sana, akasema ni ya kisasa, basi naye akakubali ni ya kisasa.

— Yaani weye njo ulizaa mutoto, nikamuambia, na baba yake humujui.

— Mama, inatokeaka, akasema Sifle.

Njo vile tuliamua kukata kesi siye benyewe, pale ku benchi, mbele ya jua kushuka, juu ya kusafisha jina ya Godefroid. Tulikuwa na roho muzuri kabisa. Nataka ile ibakie imeandikwa.

Casimir akaanza, juu ya ile miaka yake ya ufagio. Akasema mwizi ni mufuaji. Mufuaji ana sabuni, na sabuni inaondoa alama. Na ku polisi yeye alionaka na macho yake: muntu mwenye mikono safi sana, bakubwa banamuangalia mara mbili. «Mayi ukiyavulia nguo lazima uyaoge,» akasema, na akatuangalia sawa vile amefunga kesi.

Godefroid akauliza ile mezali inaingia wapi. Casimir akamujibu nguo ni ya mufuaji, mayi ni ya mufuaji, anataka nini tena.

— Na sanduku ya upawa, mufuaji aliifunguaje? akauliza Sifle. Inakaa mu kabati ya jikoni. Nani ana ufunguo ya kabati ya jikoni?

Kiisha macho yote ikaenda pole pole ku Godefroid.

— Tuanze tena, akasema Godefroid.

Sifle akachukua. Kwa yeye bezi balikuwa babili, juu kidole moja haivunje chawa. Mumoja alibeba mwenzake ku mugongo, njo juu ya ile nyayo ilikuwa ya muntu mumoja. Wa juu alishika upawa. Balipita uzio, balifika ku reli, na upawa ikapanda treni ya Sakania, ya kwenda mupakani, na leo Waingereza ba Rodezia banapakulia supu yao nayo. Na ile nyayo haikurudia juu gani? «Asiyesikia la mukubwa anavunjika muguu.» Alivunjika, basi hakurudia.

— Wa chini ao wa juu? akauliza Casimir.

— Wote. Balianguka.

Nikasema Sifle, kama balivunjika miguu kupanda treni balipanda na nini. Akaniambia reli miye siijue, nibakie mu kahawa. Nikabakia mu kahawa, lakini nikamuuliza ule wa ku mugongo ni nani. Akafikiri. Akasema lazima ni muntu mwepesi, mwenye kuzoea nyumba, mwenye kujua saa gani supu inaenda mezani. Na tena pole pole, bila muntu kutaka, macho ikaenda ku Godefroid, mwenye alikuwa mwepesi kweli, juu bapishi ya Bazungu hawali chakula yenye banapika.

— Mimi nimewakosea nini? akauliza Godefroid.

Njo pale nikaleta yangu. Miye nilisema ni Madame, muke wa Verlinde. Hakuna mu gazeti pahali banasema Madame anapenda supu. Muke mwenye kula supu kila siku ya Mungu na bwana mumoja, siku moja anachukua upawa na kuitupa mu shimo, apumzike. Ile ilikuwa wazo muzuri, na Donat mwenyewe akashituka, akaanza kuandika ku pembe ya gazeti. Lakini Casimir akasema nyayo ilikuwa bila kiatu, na Madame wa Kizungu hatembee bila kiatu. Nikamujibu weye Madame ulimuona wapi usiku akitoka kitandani. Tukaachia pale.

Kiisha ilianza kuharibika. Sifle akasema nyayo yenye kwenda na kutorudia, kila muntu mu hii mji anajua ni nini, tunaogopa kutaja tu. Ni mutumbula, ule mwenye kuwinda bantu usiku. Balikamata muntu balimupeleka mu shimo kumunenepesha. Mwizi hakuiba upawa. Mutumbula alibeba muntu, na muntu alikuwa na upawa mukononi.

— Miye niliandika upawa, akasema Donat, na sauti yake ilikuwa ya kulia. Upawa moja tu.

— Na muntu gani mu nyumba anakuwaka na upawa mukononi? akauliza Casimir.

Hatukutaka kumuangalia. Tulimuangalia.

Godefroid akakaa chini, pembeni ya baiskeli. Akasema mara ya kwanza ameiba upawa, mara ya pili ameiba na kuvunjika muguu, sasa amebebwa na mutumbula na ananenepa mu shimo, na kesho saa tatu lazima asimame kanisani. Kama siye njo bapelelezi bake, basi heri mwizi.

Casimir njo alimaliza mambo. Alikuwa anatikisa kikombe. Kiisha akauliza Donat, pole pole, ule polisi, mbele ya kuvaa kofia, kofia ilikuwa wapi. Donat akasema mukononi. Casimir akauliza imegeuka juu ao chini. Donat akasema hajui. Casimir akafunga macho.

— Ni polisi, akasema. Anafika wa kwanza. Anaomba viatu, juu bantu bote baangalie viatu. Anaweka upawa mu kofia, anavaa. «Sasa najua.» Kwa kweli anajua. Iko nayo ku kichwa.

— Na mukono ya upawa? Murefu vile.

— Nyuma ya shingo. Mu koti.

Tukamugeukia Casimir bote. Hata Godefroid alinyanyua kichwa. Ilikuwa wazimu, na ilikuwa ya kwanza bila mupishi. Tulikuwa tunaanza kupumua, Donat ameshatafuta kalamu, wakati niliona mwavuli mweusi unakuja kwa njia ya bomba, na chini ya mwavuli Mama Honorine.

Ilibidi uone Godefroid. Ku bantu yao, na hata ku bantu yetu, muntu na mukwe wake habakai benchi moja. Habaangaliane mu macho. Mambo nzito inapita mu kinywa ya muntu wa katikati. Na dada ya baba ya muke wako ni mukwe mukubwa kuliko mama. Godefroid aliruka, akapita mu mulango ya lupango yangu, akajiweka nyuma ya uzio wa matete, na tukabaki tunaona viatu yake tu chini, vile viatu yenye Katuba yote ilikuwa imeshageuza.

Mama Honorine akasalimia benchi, akakaa. Mwanamuke mufupi, mugumu, na macho ya kupima mchele. Nilimupa kikombe. Alikunywa nusu mbele ya kusema.

— Nilikuja juu ya yule wa nyuma ya matete. Kesho padri atasoma jina yake. Kaka yangu anataka niinuke niseme hapana. Miye sisemi hapana mbele ya kuuliza. Nani atakuwa kinywa yake?

Casimir ameshasimama. Hatukumuchagua. Alifunga kifungo ya koti.

— Umuulize, akasema Mama Honorine, ile upawa anaijua?

Casimir akageukia matete, akapaza sauti sawa vile matete iko mbali kule ku Jadotville.

— Mama anauliza: ile upawa uliificha wapi?

— Sikuuliza vile.

— Mama, njo namna ya polisi. Muntu banamuanzia ku mwisho.

Kutoka nyuma ya matete ilitoka sauti, kwanza chini, ya heshima, ikisema Casimir amuambie Mama upawa haijue, hajawahi kuiona. Casimir akapeleka ile: «Anakana.» Mama Honorine akasema amesikia, masikio anayo. Akauliza tena, pole, kama mu nyumba anamotumikia kuna kitu ilipotea. Hapana, hakuna kitu. Casimir akapeleka: «Anasema hakuna kitu bameona bado.» Niliona vile viatu yenye kuwa chini ya matete inaanza kupiga udongo.

Miaka ine, wiki moja ya bomba, na sasa Komiseri. Godefroid alipasuka. Akaacha kupitisha kwa Casimir, akasema moja kwa moja, na sauti yote, mpaka bamama babili na ndoo ku kichwa balisimama njiani.

— Mumuambie Mama, ile siku miye sikukuwa hata ku kazi. Nilikuwa na ruhusa. Nilikuwa Kasungami ku mama yangu, nilimulimia muhogo mistari kumi na mbili, toka asubuhi, na bajirani baliniona. Jirani yao Mutale aliniona. Alinipa mayi ya kunywa. Baende bamuulize.

Casimir akapanua mikono, sawa vile mwenye kuleta zawadi.

— Anakana, Mama, na iko na shahidi.

Mama Honorine akaweka kikombe chini ku benchi.

— Siku gani?

Casimir akafungua kinywa. Akageukia matete.

— Supu, siku gani?

— Ile siku, ikasema matete. Ile ya upawa.

— Njo ile nauliza, akasema Mama Honorine. Siku gani?

Njiani mama mumoja alishusha ndoo yake. Tukageukia Donat, siye bote, juu kama kuna muntu mwenye kujua, ni yeye. Donat akafungua gazeti. Akafuata mustari na kidole, kinywa inatembea bila sauti, toka juu mpaka chini, na tena toka juu.

— Hakuna siku, akasema. Niliandika tu mvua ilinyesha.

Mabega ya Mama Honorine ikaanza kutikisika. Nilizani ni hasira, nikavuta kahawa mbali kidogo, juu vikombe vyangu ni vya udongo. Lakini alikuwa anacheka, bila sauti, muda murefu, mpaka alipangusa macho na pembe ya kitambaa yake ya kichwa.

— Nilizaa bana munane, akasema. Mumoja wao ni mwizi, simufichi, muko naye hapa Katuba na munamujua. Yule wangu, ukimuuliza kitu, siku iko tayari. Saa iko tayari. Na mbele ya kujibu anauliza kwanza: mama, nani alikuambia? Huyu wenu amelimia mama yake muhogo mistari kumi na mbili mu siku yenye haiko, na ameipatia shahidi na mayi ya kunywa. Muntu wa namna hii hawezi kuiba hata chumvi. Atakamatwa mbele ya kuiba.

Akamaliza kahawa yake.

— Kesho padri atasoma. Nitakaa mustari wa mbele, na kinywa yangu itafungwa. Kaka yangu nitamuambia miye.

Tulipumua bote. Casimir alipokea ile sawa vile ni kazi yake, akasema hata bakubwa ku polisi hawangefanya vizuri zaidi. Sifle akasema mvumilivu anakula mbivu, na mara hii karibu ilifaa. Nilifikiri Godefroid atapiga magoti nyuma ya matete.

Akatoka. Hakuchungulia, alitoka kabisa, mbele ya mukwe wake, macho mekundu, amesahau adabu yote yenye mama yake alimufundisha kule Kasungami.

— Mama, akasema, samahani. Yaani ninaoa juu niko mujinga?

Mama Honorine alikuwa ameshasimama. Akafungua mwavuli, akaweka sawa kitambaa ya kichwa, na akaangalia benchi yangu, muntu kwa muntu. Sifle, miaka makumi tatu na muke wake. Casimir, makumi mbili. Donat, tangu Pasaka.

— Na hawa, akauliza, balioa juu ya nini?

Sifle akaangalia ndani ya kikombe yake. Casimir akaona kitu ku kiatu. Donat akatoa miwani, akaanza kuipangusa, na haikuwa chafu. Niliwahurumia, Mungu wangu anajua ni mara ya kwanza; nikanyanyua birika niwaongezee, wapate kitu ya kufanya na mikono.

Ilikuwa mwepesi. Kahawa ilikuwa imekwisha.